Umehakiki kesi, hujahakiki filamu: namna ya kuandika kuhusu filamu na tamthilia za mapenzi ya jinsia moja

Mpwa wangu aliniletea uhakiki wake wa kwanza, wa Rafiki, filamu ya Kenya ya 2018 kuhusu wasichana wawili wanaopendana, Kena na Ziki, iliyopigwa marufuku nchini. Kurasa tatu, zimechapwa vizuri na kubanwa pini. Nikazisoma mara mbili. Mlikuwa na Katiba humo, mlikuwa na Biblia, mlikuwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, na "jamii yetu ya Kiafrika" mara nne. Lakini mtu ambaye hajaiona filamu yenyewe asingejua Kena anavaa nini, anashinda wapi, wala kwa nini wasichana wale wawili wanakwenda kujificha kwenye gari bovu. Nikamrudishia karatasi zake. "Umehakiki kesi," nikamwambia, "hujahakiki filamu." Akanuna siku mbili. Ya tatu akapiga simu: "Sasa shangazi, inaandikwaje?"

Nilifundisha fasihi miaka kumi na tisa, na siku hizi kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi watu wanane au tisa huja sebuleni kwangu South B kutazama filamu na kubishana hadi majirani wagonge ukuta. Mengi niliyomwandikia mpwa wangu yametoka kwenye ubishi huo. Mengine yametoka kwenye makosa yangu.

Kwanza, tazama mara mbili, na mara ya kwanza kalamu ikae mkobani. Hili nimelilipia. Mwezi Septemba 2018 Mahakama Kuu ya Nairobi ilisimamisha marufuku ya Rafiki kwa siku saba, ionyeshwe kwa watu wazima waliotaka wenyewe, ili ipate kustahiki kuwania tuzo za Oscar. Jaji Wilfrida Okwany alisema hakushawishika kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha maadili yake kutikiswa na filamu. Nilikuwa kwenye foleni pale sinema ya Prestige, Ngong Road. Viti vilijaa pomoni, na watu walianza kushangilia kabla hata ya taa kuzimwa. Nikarudi nyumbani, nikaandika usiku ule ule, na nilichoandika kilikuwa uhakiki wa foleni. Hakuna kilichokuwa kibaya. Hata sauti pale ilipokwaruza niliisifu.

Nilipoitazama tena peke yangu, nikayaona niliyoyaruka. Ule ushindani wa baba wawili wanaogombea kiti kimoja cha uwakilishi wadi umepimwa mno, kama sukari ya dukani. Mama Atim, mwenye kibanda, ni mdomo mtupu. Hapewi hata dakika moja ya kuwa mtu mwenye shida zake. Na mazuri pia nilikuwa nimeyapita. Kuna kijana mmoja mtaani asiyesema neno, ambaye kazi yake katika filamu ni kutukanwa. Kena anapopatwa na yake, akapigwa na watu wa mtaa, kijana yule anakuja kuketi kando yake. Basi, ameketi tu. Katika uhakiki wangu wa foleni hakuwamo kabisa.

Kazi iliyopigwa marufuku humgeuza mhakiki kuwa wakili. Unahisi ukiikosoa umejiunga na waliomfungia msanii mlango. Ondoa hofu hiyo, kwa sababu kumsifu msanii kwa huruma ni kumdharau. Wanuri Kahiu, mwongozaji wa Rafiki, hakuipeleka filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa kwenye tamasha la Cannes ili tumwonee imani. Ana hata jina la sanaa anayoitaka: Afrobubblegum, yaani sanaa ya Kiafrika yenye raha, ukali na upuuzi wa makusudi. Ukilijua hilo huulizi tena kwa nini hadithi "nzito" imejaa waridi, na nywele za Ziki zina rangi kama pipi. Unauliza swali lenye faida: raha ile inabeba nini kipigo kinapofika? Mimi nasema inabeba, kwa kuwa macho yalikwisha kuzoea waridi. Mwenzetu mmoja wa Ijumaa, fundi umeme mwenye macho makali kunishinda, anasema kipigo kile kimetoka filamu nyingine kikaingia kwa mlango wa nyuma. Hatujapatana mpaka leo.

Ukishamaliza rangi, nenda kwenye mwisho, ukae hapo. Mwongozaji amesimulia hadharani kwamba bodi ilitaka mwisho ubadilishwe, kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Watu walimcheka mdhibiti kwa hilo. Mimi sikucheka, niliona amesoma filamu kuliko wahakiki wengi. Alijua kwamba busu si hoja. Hoja iko kwenye sauti inayoita jina na mkono unaogusa bega, miaka baadaye, Kena akiwa daktari. Wangekufa au wangetubu, filamu ile ingekuwa onyo, na onyo halimsumbui mtu. Kwa hiyo kila unapohakiki kazi ya namna hii, iwe ya Nairobi au ya Hollywood, jiulize: nani anakufa, nani anahama, nani anabaki mtaani? Kwa miaka mingi shoga wa kwenye skrini alikuwa na njia mbili tu, jeneza au ndege. Hata Ziki anapelekwa London. Liandike hilo, na useme kama lilikutosha.

Sasa maneno, maana hapa ndipo Kiswahili kinapotutoa jasho. Nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa. Marehemu mama alikuwa na shoga yake, Bi mmoja wa nyumba ya pili, na kila alasiri utasikia kupitia dirishani: "Shoga, umepika nini?" Shoga ni mwanamke kwa mwanamke, mwandani, msiri. Neno hilohilo ndilo gazeti linaloliandika kwa mwanamume anayependa wanaume, na siku nyingine kwa yeyote wasiyemwelewa. Msagaji limetokana na tendo, na ndiyo sababu wanawake wengi hawalitaki. Nani anataka kuitwa kwa kitenzi? Hanithi na msenge ni matusi, hata yakiwa kwenye kamusi. Ushauri wangu: mwite mhusika kwa jina lake. Anaitwa Kena, mwite Kena. Panapohitajika jumla, "mapenzi ya jinsia moja" ni refu lakini halimpigi mtu kofi. Tusi likitamkwa ndani ya filamu, linukuu lilivyo, usilipake sukari, ila lisitoke kinywani mwako. Halafu sikiliza jina la filamu lenyewe. Kahiu ameeleza kwamba wapenzi kama hawa wakitambulishana kwa watu husema tu, "Huyu ni rafiki yangu." Msomaji wa Kiswahili halihitaji kufafanuliwa zaidi ya hapo, nawe usilifafanue.

Jambo la kicheko lina aibu yangu ndani yake. Nikiwa mwalimu niliandaa mchezo wa tamasha la drama, na mlikuwa na mhusika mmoja, mwanamume wa kike, kinyozi wa mtaani. Nilimchagua mvulana mwembamba wa kidato cha pili. Nikamfundisha mwenyewe: kiuno hivi, kiganja hivi, sauti ipande puani. Ukumbi ulivunjika mbavu, tukasonga hadi ngazi ya mkoa, nami nikapewa cheti ambacho bado ninacho. Miaka mingi baadaye tulikutana kwenye matatu, mtu mzima, ana watoto. Akanisalimu kwa heshima zote, "Shikamoo mwalimu," kisha akaniambia kwamba jina la yule kinyozi lilimfuata bwenini miaka miwili na nusu. Hakunilaumu. Alisimulia kama mtu anayesimulia ugonjwa uliopona.

Kwa hiyo siku hizi hesabu vicheko. Nasema hesabu, kwa vijistari pembeni ya karatasi. Katika vichekesho vya runinga na vya jukwaani vya kwetu mwanamume aliyefungwa kanga si kitu kigeni, na mara nyingi mzaha ni mzuri. Swali ni kama mhusika anachekesha kwa alichosema au kwa alivyo. Mtoe maneno yote kinywani, mwache atembee tu kutoka kulia kwenda kushoto. Ukumbi bado unacheka? Basi hapakuandikwa mhusika, pameandikwa mwendo.

Jukwaa lina sheria yake nyingine. Filamu ukiikosa leo utaipata mwakani. Mchezo wa jukwaani una watu wenye miili, wanaorudi nyumbani kwa bodaboda usiku uleule. Mwaka 2012 mjini Kampala palichezwa The River and the Mountain, kuhusu mfanyabiashara shoga ambaye mama yake anamtafutia dawa na watu wa kazini kwake wanamuua. Mamlaka iliagiza usichezwe, ukachezwa kwenye kumbi ndogo, na mtayarishaji wake Mwingereza, David Cecil, akakamatwa, kisha 2013 akafukuzwa nchini. Tangu 2023 Uganda ina sheria inayoweza kumpa mtu hadi miaka 20 jela kwa "kukuza" ushoga. Hapa Kenya kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotumika kuharamisha mapenzi ya jinsia moja, kinabaki kitabuni, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Kwa hiyo usiandike nani alikuwa kwenye hadhira. Usipige picha viti. Usimuulize mwigizaji, wala usikisie, kama "naye ni hivyo". Aliyeigiza muuaji hukumuuliza ameua wangapi. Mchezo ukichezwa kwenye ukumbi mdogo kwa mwaliko, ukumbi usiutaje. Mengine yote ni uhakiki wa kawaida: taa, sauti, nani alisahau maneno yake.

Kuna kosa moja la wajuzi pia, nalo ni kudhani kila anayeipinga filamu anaipinga kwa sababu moja. Chukua Inxeba ya Afrika Kusini, ya 2017, kuhusu mwanamume wa kiwandani anayepanda mlimani kulea wari wa jando la Kixhosa, na mapenzi ya siri aliyonayo huko. Februari 2018 iliwekwa daraja la X18, lile la filamu za ngono, ikaondolewa kwenye sinema za kawaida. Juni mahakama ya Pretoria ikaubatilisha uamuzi huo. Waliolalamika walikuwa na malalamiko mawili chini ya kanzu moja: wengine walichukizwa na mapenzi ya wanaume, wengine na siri za jando kuanikwa kwenye skrini. La pili mtu wa pwani analielewa bila kuchorewa. Ya unyagoni huishia unyagoni. Mhakiki akiyachanganya, atamwita mzee mwenye hoja mshamba, au atampa mwenye chuki koti la mila. Yatenganishe kwanza, halafu toa hukumu. Yangu mimi: filamu inaheshimu siri ya jando kuliko inavyosemwa, maana kamera inakaa zaidi kwenye nyuso kuliko kwenye kidonda.

Na usisahau kimya. Stories of Our Lives, filamu tano fupi za 2014 za Nest Collective, kundi la wasanii wa Nairobi, zilizoongozwa na Jim Chuchu, nyeusi na nyeupe, saa moja zote, nazo pia zilipigwa marufuku mwaka huohuo. Katika mojawapo vijana wawili wanafanya kazi shambani, ni marafiki wa siku nyingi, mmoja anampenda mwenzake na mwenzake anapenda wanawake. Karibu hakuna linalotokea. Wanatembea, wanaongea, wanaacha kuongea. Mpwa wangu alisema "imepoa." Nikamwambia atazame tena sauti ikiwa imefungwa, aniambie ni nani kati yao anayemwangalia mwenzake asipoangaliwa. Alinijibu kwa ujumbe saa sita usiku, kwa neno moja: "Uwii."

Ukimaliza, maneno mia saba yatosha. Usomee mtu kwa sauti, ikiwezekana asiye wa upande wako. Mimi humsomea yule fundi umeme. Akinikatiza na kuuliza "ilikuwaje?" najua nimehubiri mahali, akikatiza kwa kusema "hapana, haikuwa hivyo," najua nimeandika uhakiki.

Rasimu ya pili ya mpwa wangu ilifika jana. Inaanza na lile gari bovu, na maua yaliyomo, na jinsi mlango wake unavyofungwa. Katiba imebaki sentensi moja, kwenye ukurasa wa mwisho. Kalamu nyekundu nimeigusa mara mbili tu, zote kwenye "hivyo basi".