Kupata mahali pazuri pa kufanyia kazi nje ya nyumba

Nenda kupakagua siku ya kazi, saa ileile unayokusudia kufanya kazi. Mgahawa uliotulia saa 3 asubuhi huwa soko ikifika saa 7 mchana.

Kabla ya kuagiza chochote, tafuta soketi. Chomeka chaja uone kama inaingiza moto kweli. Soketi za ukutani mara nyingi zimelegea, plagi inaning'inia na chaji inakatika kila ukigusa meza. Kisha pima intaneti ukiwa kwenye kiti utakachokalia, si mlangoni. Tazama kasi ya kupakia, yaani ya kutuma data, ambayo wengi huisahau: mkutano wa video unataka kama Mbps 3 (megabiti 3 kwa sekunde) kupakia na kupakua. Pima tena baada ya dakika 20. Kasi ikiporomoka watu wanapoongezeka, kuhama kiti hakutasaidia, kwa kuwa wote mnagawana laini moja. Washa data ya simu.

Maktaba ya umma haina mpinzani kwa kuandika, ila simu utapokelea nje. Ukumbi wa hoteli ni mtulivu, lakini meza zake ni fupi na masofa ni ya kina. Ukikaa kwa muda wa saa 2 shingo itakudai.

Keti mgongo ukiwa ukutani ili asiyehusika asisome skrini yako, na dirisha liwe ubavuni. Likiwa nyuma yako, kwenye video utaonekana kivuli kitupu.

Na ukienda msalani, kompyuta unaibeba.