Sauti ya upande mmoja kwenye simu za intaneti

Swichibodi ya ofisi imeunganishwa na mtoa huduma, simu inaita, mteja anawasikia ila ninyi hammsikii? Usihangaike na nywila. Mara nyingi swichibodi inatangaza anwani yake ya ndani, mfano 192.168.1.10, kwa hiyo sauti haina pa kurudi. Ijazie anwani ya IP ya nje na uitajie mtandao wa ndani. Kwenye ruta zima SIP ALG (kipengele cha ruta kinachobadilisha ujumbe wa SIP, yaani itifaki ya kuanzisha na kukata simu), ambayo huvuruga ujumbe kuliko kusaidia, kisha pitisha hadi kwenye swichibodi milango (port) ya UDP, itifaki inayobeba sauti (kwa Asterisk, programu ya swichibodi, kwa kawaida 10000 hadi 20000). Mlango 5060, wa SIP, ufungulie anwani za mtoa huduma pekee. Wezi huusaka saa zote wapige simu za nje kwa bili yako. Simu ikikatika kila mara baada ya sekunde 32, kagua kama ACK (ujumbe wa SIP wa kuthibitisha kwamba jibu la kupokea simu limefika) inafika.