Kuiga Mawimbi kwa Programu Huria: Anza na Kamba Moja

Mwalimu wa fizikia jijini Nairobi ambaye shule yake haina beseni la mawimbi anaweza kuwaonyesha wanafunzi jinsi wimbi linavyosafiri na kurudi, akitumia kipakatalishi cha kawaida, lugha ya programu ya Python, na maktaba zake mbili huria, NumPy ya hesabu na Matplotlib ya michoro, ambazo zikishapakuliwa hazihitaji tena intaneti. Mtafiti naye namshauri aanzie hapo hapo, kwa sababu kosa litakalomsumbua katika programu kubwa huonekana waziwazi kwenye kamba moja.

Chukua kamba ya mita 1 iliyofungwa ncha zote mbili, wimbi likipita kwa mita 100 kwa sekunde. Igawe vipande 200 vya milimita 5, na hatua ya muda iwe sekunde 0.00005. Kasi ikizidishwa kwa hatua ya muda na kugawanywa kwa urefu wa kipande, unapata 1. Hiyo ndiyo nambari ya Courant. Weka mwinuko laini karibu na ncha ya kushoto, kamba ikiwa imetulia. Kwa kila nukta, yaani mahali vipande viwili vinapokutana, jumlisha vimo vya majirani wawili, toa mara mbili ya kimo chake yenyewe, kisha zidisha kwa mraba wa nambari ya Courant: hilo ndilo badiliko. Kimo kipya ni mara mbili ya kimo cha sasa, ukitoa kile kilichotangulia na kuongeza badiliko. Katika hatua ya kwanza, ambayo haijatanguliwa na nyingine, ongeza nusu ya badiliko kwenye kimo cha sasa, basi. Ncha hubaki sifuri daima.

Baada ya hatua 200, mwinuko sharti uwe umegeuka bonde karibu na ncha ya kulia. Baada ya hatua 400, yaani sekunde 0.02, urejee ulipoanzia kwa umbo lile lile. Usipoona hivyo, rudi kwenye msimbo, ukianza na ncha. Halafu refusha hatua ya muda kwa asilimia 5 tu. Kabla ya hatua 100 kwisha, mstari huota meno ya msumeno na vimo hupanda hadi mamilioni. Wanafunzi waione hali hii kwa macho yao. Wanahisabati Courant, Friedrichs na Lewy walieleza sharti lake mwaka 1928: kwenye kamba nambari hiyo isizidi 1, na kwenye gridi ya mraba ya uso wa maji isizidi takriban 0.707.

Kwa mwanga na mawimbi ya redio, hamia Meep, programu huria iliyoanzia chuo cha MIT cha Marekani na inayoendeshwa kwa Python. Nambari yake ya kawaida ya Courant ni 0.5. Kwa mitetemo ya ardhi ipo programu huria ya SPECFEM3D. Katika zote mbili tenga nukta za kutosha kwa kila urefu wa wimbi, kisha rudia kazi kwa gridi ambayo nafasi kati ya nukta zake ni nusu ya ile ya kwanza. Jibu likihama, usiliandike bado. Kazi ya usiku kucha ihifadhi matokeo yake mara kwa mara, maana stima ikipotea saa nane, hesabu yote iliyo kwenye kumbukumbu ya tarakilishi hupotea nayo.