Ukitapika na kuendesha, chunga figo kwanza

Jamani wa Lamu, kaskazi hii jua linachoma kweli, mtu akishikwa na tumbo akatapika na kuendesha usiku kucha, asubuhi mwili wote unamuuma anatuma mtoto dukani akamletee diklofenaki au Brufen. Hapo ndo figo zinapoumia, na mtu hata hajui.

Figo zenu zinapokea kama robo hivi ya damu yote inayosukumwa na moyo. Maji yakiisha mwilini au ukimwaga damu nyingi, presha inashuka, damu ya figo inapungua na zikikosa oksijeni zinaanza kufa kidogo kidogo. Kawaida figo hujitetea, zinapanua ule mshipa unaoingiza damu, sasa dawa hizo za maumivu ndo zinazuia usipanuke! Kwa hivo kama umekauka ziache kabisa, homa na maumivu tumia Panadol kwa kipimo chake.

Alafu rudisha maji mapema. Pakiti ya ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) ni nzuri zaidi, ukikosa chukua maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha na chumvi nusu kijiko kidogo, usizidishe chumvi. Anayetapika mpe kijiko kimoja kimoja, pumzika, mpe tena, ukimpa kikombe kizima atakirudisha chote. Na nyinyi mnaokwenda kuvua mbali maji ya kunywa yapakieni kabla ya barafu ya samaki, tafadhalini.

Kama unatumia dawa za presha kama enalapril na losartan, vidonge vya kukojoza au metformin ya sukari, ukianza kuharisha pigia kliniki yako siku hiyohiyo uulize kama usimamishe kwa muda, usijiamulie.

Angalia mkojo. Mtu mzima wa kilo 60 anatakiwa apate angalau mililita 30 kwa saa, ukiwa mchache na mweusi kama chai ya mkandaa ongeza kunywa. Saa 6 zimepita hakuna kitu, au ana kizunguzungu, au amechanganyikiwa, au ni mama aliyejifungua anayetoka damu nyingi, msingoje kuche, hasa mlioko Faza na Kizingitini maana boti nayo ina saa zake. Amevimba na hakojoi? Usimshindilie maji, mpeleke.

Hospitali ombeni wapime kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, na mtaje kila dawa aliyomeza, ya dukani na ya miti shamba, msifiche, figo zikiwahiwa mara nyingi hurudi.