Jinsi ya kuchagua mtaa wa kuishi Kisumu ukiwa mwanafunzi na unakaa peke yako

Kazi yangu ni kuwatafutia watu nyumba za kupanga Kisumu, na wengi wao ni wanafunzi. Msimu wenyewe ni Agosti na Septemba, mwaka wa kwanza wanaporipoti. Karibu kila anayepiga simu huanza na swali lile lile: "Bedsita ni ya pesa ngapi?" Bedsita ni chumba kimoja cha kulala na kupikia humo humo. Swali hilo mimi hulijibu mwisho. Kwanza nauliza: utakuwa ukirudi nyumbani saa ngapi, na utapitia wapi? Chumba kinaweza kupakwa rangi na kubadilishwa kitasa. Njia ya kutoka steji hadi kwenye geti huwezi kuibadilisha, na wewe ndiye utakayeipita kila siku, peke yako. Kwa hiyo chagua njia kwanza, chumba baadaye.

Hatua ya kwanza: jua utasomea wapi na utatoka saa ngapi

Chukua ratiba ya masomo. Andika darasa la mwisho la kila siku linaisha saa ngapi na liko kampasi gani. Usidharau hilo la kampasi. Chuo Kikuu cha Maseno, kwa mfano, kampasi yake kuu iko Maseno kwenyewe, kilomita 25 hivi kutoka Kisumu kwa barabara ya Busia, na kina shughuli nyingine ndani ya jiji. Nimeona barua ya kujiunga ikisomwa haraka haraka, mzazi akalipia chumba Migosi, kumbe mtoto atasomea Maseno.

Ikiwa unasomea Maseno, amua kama utakaa huko au Kisumu. Huko wanafunzi hupanga Nyawita na Mabungo, au husogea hadi Luanda, upande wa Vihiga. Hali ya hewa ni ya ubaridi kuliko Kisumu, mvua ni nyingi, na jioni hakuna mengi ya kukutoa nyumbani. Kisumu kuna kila kitu, na hapo ndipo pesa huishia. Piga hesabu kwa kalamu. Tuseme chumba Maseno ni shilingi 4,500 na unatembea kwenda darasani. Kisumu umepata cha aina hiyo hiyo kwa 4,000, ukafurahi. Nauli tuseme ni 100 kwenda na 100 kurudi, siku 20 za masomo kwa mwezi: hiyo ni 4,000 nyingine. Chumba cha 4,000 kimekuwa cha 8,000, na bado hujahesabu muda unaopotelea kwenye matatu ukingoja ijae.

Msimamo wangu ni huu: mwaka wa kwanza na wa pili, kaa karibu na darasa hata kama mtaa hauna raha. Mwaka wa nne, siku za darasa zikipungua na kuna kibarua au atachimenti (mafunzo ya kazini) mjini, Kisumu inaanza kuwa na maana. Ukilazimika kukaa Kisumu na kusomea Maseno, angalia Otonglo na Kisian. Ziko kwenye barabara hiyo hiyo ya Busia, na unaepuka msongamano wa katikati ya jiji asubuhi.

Hatua ya pili: pima mitaa kwa macho yako wewe, si kwa sifa zake

Kila mtaa wa Kisumu una sifa njema na mbaya, na watu hupenda kusema moja tu.

Kondele ni makutano makubwa kwenye barabara ya Kakamega, karibu na hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Anayesomea mambo ya afya na kutoka wodini usiku ana sababu nzuri ya kukaa pale: matatu zipo, chakula kipo, watu wapo barabarani hadi usiku. Lakini kuna kelele, na siasa zikichemka, Kondele ndiko barabara hufungwa kwanza na vitoa machozi kurushwa. Mwaka wa uchaguzi nawaambia wanafunzi waziwazi wahesabu hilo kabla ya kulipa.

Manyatta na Nyalenda kuna vyumba vya bei nafuu kuliko kwingi. Huwezi kulala njaa huko. Mama mboga yuko kila kona na omena ya kupima ipo. Shida yake ni maji na mafuriko. Visima vifupi vya huko viko hatua chache kutoka kwenye vyoo vya shimo, na chini ardhini maji hayaulizi ni ya nani. Maji ya kisima yachemshe au yatie dawa, hata kama jirani anakwambia ameyanywa tangu utoto. Sehemu za chini za Nyalenda, na za Nyamasaria kwenye barabara ya Nairobi, hujaa maji mvua ya Machi hadi Mei ikikolea, hasa karibu na mto Auji. Udongo ni ule mweusi unaoshika viatu.

Migosi, Kenya Re na Polyview ni mitaa ya wastani, imetulia zaidi, na kodi inapanda kidogo. Mamboleo ni mbali kiasi ila matatu za barabara ya Kakamega zinapita. Milimani sitakupeleka, kodi yake si ya mwanafunzi.

Hatua ya tatu: tembelea mara mbili, saa tisa alasiri na saa mbili usiku

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka na ndiyo yenye faida kuliko zote.

Nenda saa tisa alasiri kwa sababu ya joto. Ingia chumbani, funga mlango, kaa dakika kumi. Weka kiganja ukutani upande wa magharibi. Kama ukuta unawaka na juu ni mabati matupu bila silingi, hapo hutasoma mchana wala hutalala mapema. Tafuta chumba chenye madirisha mawili yanayotazamana, au angalau dirisha na tundu la hewa juu ya mlango. Kwenye ghorofa, chumba cha juu kabisa chini ya mabati huwa na joto kuliko cha kati. Ukiwa hapo tazama kuta za nje, chini, usawa wa goti. Mstari wa rangi ya tope unaozunguka nyumba nzima ni alama ya maji ya mafuriko, hata kama rangi mpya imepakwa juu yake.

Rudi siku nyingine saa mbili usiku, na mwenzako ikiwezekana. Saa hiyo giza limeingia kabisa. Shuka kwenye steji utakayotumia na utembee hadi kwenye geti. Hesabu taa. Angalia kama vibanda bado viko wazi, maana kibanda kilichofunguliwa ni usalama kuliko ukuta mrefu wenye seng'enge. Angalia bodaboda wanaosimama pale: wanajuana, wana jaketi, wanamsalimia keteka, yaani msimamizi wa nyumba? Kama hukujisikia salama katika matembezi hayo, usijipe moyo kwamba utazoea. Acha hicho chumba.

Ukiwa hapo, tafuta mpangaji, si keteka, umuulize kwa heshima: "Habari ya jioni, mama. Samahani, hapa maji hupotea siku ngapi kwa wiki?" Kisha: "Na stima?" Wapangaji husema ukweli kwa sababu hawauzi kitu. Keteka anauza.

Hatua ya nne: stima na maji, uliza mita ni ya nani

Watu hulipa zaidi hapa bila kujua. Bei ya yuniti za stima nchini hupangwa kwa ngazi kulingana na matumizi ya mwezi: hadi yuniti 30, zaidi ya 30 hadi 100, na zaidi ya 100. Anayetumia kidogo analipia yuniti moja bei ya chini. Mwanafunzi mwenye taa, simu na laptopu anaweza kabisa kubaki chini ya 30. Lakini ikiwa ploti nzima, yaani jengo lote la vyumba vya kupanga, ina mita moja na nyinyi mmepewa submita (mita ndogo za kugawana stima ya ile kubwa), kampuni ya umeme inawaona kama mteja mmoja mkubwa, na yuniti zenu zinaingia ngazi ya juu. Juu yake mwenye ploti anaweza kuongeza chake. Uliza: "Tokeni nanunua mwenyewe kwa namba ya mita yangu, au nanunua kwako?" Vyumba viwili vikilingana kodi, chukua chenye mita yake.

Kuhusu maji, uliza kama ya mfereji yamo ndani ya kodi, kama kuna tangi, na mtungi unauzwa bei gani mfereji ukikauka.

Hatua ya tano: jumlisha mwezi mzima, si kodi

Andika kodi, nauli, stima, maji, takataka, mlinzi, chakula, intaneti. Mwezi wa kwanza ongeza dipoziti, ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, pamoja na godoro, neti, meko na pesa za pikapu au mkokoteni. Mkopo wa HELB, ule wa serikali kwa wanafunzi, usiupangie tarehe. Uwe na kodi ya miezi miwili mkononi kabla hujauhesabu.

Uliza pia kuhusu likizo. Baadhi ya wenye ploti karibu na vyuo hukubali nusu kodi miezi ya likizo ndefu ukiacha vitu vyako ndani. Wengine hawataki kusikia. Afadhali kujua sasa.

Hatua ya sita: chagua majirani

Mwanafunzi anayekaa peke yake ana hatari moja ambayo mwenye familia hana: akiugua, hakuna anayejua. Kanda hii ya ziwa ni ya malaria, na malaria inaweza kukuangusha kati ya jioni na asubuhi. Kwa hiyo sipendi ploti ya wanafunzi watupu. Muhula ukiisha wote wanaenda makwao, ploti inabaki tupu, na wezi wa mitaani wanaijua kalenda ya chuo kuliko wewe. Tafuta ploti iliyochanganyika, yenye familia moja au mbili ambazo hukaa mwaka mzima. Wiki ya kwanza jitambulishe kwa mama wa familia hiyo na umwachie namba ya simu ya mzazi au ndugu yako. Ataichukua kwa moyo mmoja; huku kwetu mtoto wa mwenzio ni wako.

Kwa msichana anayekaa peke yake naongeza jambo moja na silegezi: choo na bafu viwe ndani. Chumba ambacho lazima uvuke uwanja usiku kwenda chooni kina bei ya chini kwa sababu hiyo hiyo. Kama pesa haitoshi bedsita yenye choo ndani, tafuta mwenzako wa kushirikiana naye kodi kabla ya kukubali choo cha nje.

Hatua ya saba: pesa na karatasi

Usilipe chochote kabla ya kuingia chumbani kwa miguu yako. Picha nzuri na sauti ya haraka ("kuna mtu mwingine anakuja saa hii, tuma dipoziti nikushikie") ndiyo njia ya matapeli. Mwulize keteka mwenye ploti anaitwa nani, kisha muulize mpangaji swali hilo hilo. Ukituma kwa M-Pesa, soma jina linalotokea kabla hujaidhinisha. Likiwa si lile uliloambiwa, simamisha hapo. Ukikosea namba, peleka ujumbe wa muamala kwa namba 456 ya Safaricom mara moja, uombe pesa zirudishwe.

Omba makubaliano ya maandishi, hata ukurasa mmoja: kodi, tarehe ya kulipa, dipoziti na masharti ya kuirudisha, notisi. Ipo Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, lakini inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na bedsita yako huenda imeshapita hapo. Karatasi yako ndiyo itakayokutetea. Kabla ya kuingiza vitu, piga picha kila ufa, kioo kilichovunjika na namba zilizo kwenye mita, kisha umtumie keteka kwa WhatsApp siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki.

Kwa wanaokwenda miji mingine

Hatua ni zile zile, mambo ya kukagua ndiyo hubadilika. Njoro, kwa wanaosomea Egerton na kupanga Njokerio, ni baridi. Huko tafuta chumba kinachopata jua la asubuhi na kisicho na ukungu ukutani. Nakuru uliza maji ya kunywa yanatoka wapi, kwa sababu maji ya visima vya eneo hilo yana floridi nyingi, madini yanayobadilisha rangi ya meno. Kakamega kwa wanaosomea Masinde Muliro, anza na Lurambi, Kefinco na Amalemba, na ukague njia inavyokuwa mvua ikinyesha.

Siku ya kutoka

Iweke akilini tangu siku ya kuingia. Notisi kwa kawaida ni mwezi mmoja. Itoe kwa maandishi na upige picha karatasi yenyewe. Piga tena picha mita na kuta, uziweke pamoja na zile za mwanzo, na usirudishe ufunguo hadi mmeelewana dipoziti inarudi tarehe gani na kwa namba gani ya simu.