Kufuga na Kuzalisha Kambale Katika Uwanda wa Ruzizi Wakati wa Vita

Tangu waasi wa M23 walipoiteka Goma mwezi Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, mfugaji wa samaki wa Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, hana hakika kwamba chakula na vifaranga kutoka ng'ambo ya mpaka vitamfikia kwa wakati. Kwa hiyo namsihi kila mwenye shamba karibu na Uvira, Kiliba au Sange afuge kambale na ajifunze kuwazalisha mwenyewe, kwa kuwa anayenunua vifaranga kila msimu bado anaitegemea barabara.

Kambale ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu ya maji, hivyo huishi katika maji mazito ambayo yangemuua tilapia, na hukua vizuri kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30, ambalo uwanda wa Ruzizi unalo kuliko milima ya Bukavu.

Chimba bwawa penye udongo wa mfinyanzi, mita 10 kwa 10, kina kikizidi mita 1, kisha ulizungushie uzio, kwa maana kambale hutambaa na kutoroka usiku wa mvua. Vifaranga 200 wanatosha. Walishe pumba za mpunga zilizochanganywa na vichwa vya ndagala (dagaa) vilivyosagwa, na uwaongezee funza na kumbikumbi, kwa sababu pumba peke yake hazina protini ya kutosha.

Uzalishaji ndio unaohitaji uangalifu zaidi. Homoni ya dukani si ya lazima: mchinje kambale mkomavu mwenye uzito sawa na jike, umtoe tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, uisage katika maji safi yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, na umchome jike sindano ya mchanganyiko huo kwenye msuli wa mgongo. Nyama ya huyo aliyechinjwa bado inauzika. Maji yakiwa na nyuzi 25, baada ya saa 11 hivi mayai hutoka kwa kumkamua jike tumbo taratibu, juu ya bakuli kavu kabisa. Dume huchinjwa wakati huo. Korodani zake hufutwa damu na maji hadi zikauke, hukatwa, na shahawa humiminwa juu ya mayai ndipo maji safi yaongezwe, kwani shahawa zikiguswa na maji mapema hufa kabla ya kuyafikia mayai. Koroga kwa dakika moja, kisha yatandaze mayai kwa tabaka moja juu ya chandarua ndani ya maji yanayotiririka polepole.

Mayai huanguliwa baada ya siku moja au moja na nusu. Siku tatu hivi za mwanzo vifaranga hutumia kiini chao. Baada ya hapo wape wadudu wadogo wa majini, uliowachuja kwa kitambaa kutoka bwawa lililotiwa samadi. Watenganishe kwa ukubwa mara kwa mara, la sivyo wakubwa watawala wadogo.

Usiangulishe mayai wakati mapigano yanakaribia, kwa kuwa vifaranga hawawezi kuachwa hata siku moja, ilhali kambale wakubwa huvumilia wiki nzima bila kulishwa. Hao wakubwa vua wachache wachache, na wale ambao soko halikuwachukua uwakaushe kwa moshi siku hiyohiyo.