Blackjack kwenye meli ya kitalii: soma kitambaa kabla hujakaa

Kwenye meli zinazotoka bandari za Marekani za Miami, Port Canaveral au Galveston kwenda Karibiani, maandishi yaliyochapwa kwenye kitambaa cha meza ndiyo yanayoamua blackjack, mchezo wa karata wa kumshinda mgawaji kwa kukaribia 21 bila kuipita, itakugharimu kiasi gani kwa saa. Kwa hiyo kabla ya kuvuta kiti, simama nyuma ya wanaocheza na utafute mstari wa maneno uliopinda mbele ya mgawaji karata. Ukisoma BLACKJACK PAYS 3 TO 2, dau la dola 10 litakulipa dola 15 ukipata blackjack. Ukisoma 6 TO 5, litakulipa dola 12.

Dola tatu unaweza kuziona ndogo. Lakini blackjack, yaani ree (mezani wanaiita esi) pamoja na karata ya thamani ya 10 (10 yenyewe au ya picha) katika karata mbili za kwanza, huja takriban mara moja kila mikono 21, yaani mizunguko 21 ya kugawiwa karata. Meza ya watu wanne au watano hucheza kama mikono 60 kwa saa, kwa hiyo karibu mara tatu kila saa unapunjwa dola 3. Kanuni hiyo peke yake inaongeza faida ya kasino kwa takriban asilimia 1.4 ya dau.

Piga hesabu. Meza ya 3 kwa 2 yenye kanuni za kawaida, ukiicheza vizuri, inaiachia kasino karibu asilimia 0.6 ya kila dau. Meza ya 6 kwa 5 inaiachia karibu asilimia 2. Kwa mikono 60, meza ya dola 10 inayolipa 6 kwa 5 inakula wastani wa dola 12 kwa saa. Meza ya dola 15 inayolipa 3 kwa 2 inakula dola 5 na nusu hivi. Hata ile ya dola 25 inakula kama dola 9. Meza inayoonekana ya bei nafuu ndiyo ghali, na kwenye meli hizo, meza za bei nafuu mara nyingi ndizo za 6 kwa 5. Usikimbilie meza ya dola 25 kwa sababu hiyo, maana pesa hupanda na kushuka kwa kishindo zaidi: kupoteza dola 200 ndani ya saa moja hapo ni jambo la kawaida kabisa. Kama meza ya 3 kwa 2 inazidi mfuko wako, cheza 6 kwa 5 kwa muda mfupi, kwenye meza iliyojaa ambako mikono huenda polepole, ukijua unacholipia.

Maandishi mengine ya kutafuta ni DEALER MUST HIT SOFT 17, yaani mgawaji mwenye ree na 6 lazima aongeze karata. Hiyo inamwongezea yeye asilimia 0.2, na kwenye meli ndiyo kanuni utakayoikuta sana, kwa hiyo maelekezo ya hapa chini yameifuata. Jihadhari na meza zenye jina la ziada. Ile ya Free Bet, kwa mfano, inakuruhusu kudabo (kuongeza dau maradufu na kupewa karata moja tu) na kutenganisha (kugawa jozi kuwa mikono miwili) baadhi ya mikono bure, lakini mgawaji akifika 22 haungui, yaani hapotezi kwa kupita 21, inahesabiwa sare. Huo ni mchezo mwingine wenye hesabu zake.

Saa za kucheza

Kasino hufungwa meli ikiwa bandarini na hufunguliwa ikishatoka kwenye maji ya nchi husika. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaruhusu nchi kudai maji hayo hadi maili 12 za bahari kutoka ufukweni. Hivyo siku ya bandari unacheza usiku tu, na siku ya kukaa baharini unaweza kucheza tangu asubuhi. Asubuhi hiyo ndiyo bora kwa anayeanza: viti vipo, dau la chini mara nyingi halijapandishwa, na mgawaji ana nafasi ya kukueleza. Baada ya chakula cha jioni meza chache zilizopo hujaa na msimamizi hubadilisha kibao cha dau la chini. Kikibadilishwa ukiwa umekaa, muulize kwa upole kama unaweza kuendelea na dau la zamani. Mara nyingi hukubali.

Si kila meli ina kasino. Meli za Disney hazina, na Pride of America inayozunguka visiwa vya Hawaii haina. Umri wa chini kwa meli nyingi ni miaka 18, ila kampuni nyingine na safari nyingine, hasa za Alaska, hutaka 21. Na kama unapanda meli kama baharia wa kuajiriwa, fahamu kwamba kampuni kwa kawaida haziruhusu wafanyakazi wake kucheza.

Pesa

Kadi yako ya chumba inaweza kukununulia chipu moja kwa moja mezani, na deni likaenda kwenye akaunti ya safari. Ni rahisi mno, na hapo ndipo watu wengi huumia. Kampuni nyingi hutoza asilimia kadhaa juu ya kila kiasi unachochukua kwa njia hiyo kwa ajili ya mezani. Fikiria: umejitahidi kutafuta meza ya asilimia 0.6, kisha unalipa asilimia 3 au 5 kabla karata haijagawiwa. Njoo na noti za dola kutoka nyumbani. Mashine ya kutolea pesa melini nayo ina ada yake.

Gawa pesa zako kwa siku kabla ya kupanda. Kwa kikao cha saa tatu nne, chukua madau 40: dola 400 kwa meza ya dola 10. Ukija na madau 10, mikono michache mibaya mfululizo itakumaliza kabla hujapata nafasi ya kudabo vizuri. Zikiisha, kikao kimeisha. Ukiona utashawishika, nenda kwa keshia mapema, siku ya kwanza, uombe akaunti yako iwekewe kikomo cha kasino au ifungwe kabisa.

Hata ukinunua kwa noti, toa kadi ya chumba kila unapokaa ili muda na dau lako viandikwe. Ofa za safari zijazo hutokana na dau la wastani na saa ulizocheza, si na kiasi ulichopoteza. Usiongeze dau kwa kufuata ofa.

Mezani

Subiri mkono unaoendelea uishe. Weka noti juu ya kitambaa. Usimpe mgawaji mkononi, kwa sababu haruhusiwi kuzipokea hivyo na kamera lazima zizione. Atazitandaza, atazihesabu, atakusogezea chipu. Weka dau ndani ya duara. Karata zikianza kutoka, usiliguse tena.

Kwenye meza inayotumia sanduku la pakiti 6 au 8, karata za wachezaji hulala wazi na huzigusi kabisa. Unaongea kwa mkono. Kutaka karata, gonga kitambaa kwa kidole. Kubaki na karata ulizonazo, pitisha kiganja hewani juu ya karata zako. Kudabo, weka chipu za kiasi kilekile kando ya dau la kwanza, kamwe si juu yake, na uoneshe kidole kimoja. Kutenganisha jozi, weka vivyo hivyo na uoneshe viwili. Kusema kwa mdomo tu hakutoshi, maana ubishi ukitokea msimamizi ataangalia picha za kamera, nazo zinaonesha mikono. Simu isiwe mezani. Kijikadi cha mbinu za msingi, kinachoonesha la kufanya kwa kila mkono, kwa kawaida kinaruhusiwa, na duka la melini huenda likawa nacho.

Kuhesabu karata, yaani kufuatilia zilizokwisha kutoka ili ukisie zilizobaki, usijisumbue nako. Meza nyingi hutumia mashine inayochanga karata mfululizo, na palipo na sanduku la kawaida msimamizi anaweza kuamuru zichangwe wakati wowote.

Namna ya kucheza kila mkono

Jumla isiyo na ree, au ambayo ree inahesabiwa moja, ni ngumu. Ukiwa na 17 na kuendelea, baki. Kuanzia 13 hadi 16, baki karata ya mgawaji iliyo wazi ikiwa 2 hadi 6, vinginevyo ongeza karata. Ukiwa na 12, baki dhidi ya 4, 5 na 6 tu. Ukiwa na 11, dabo dhidi ya karata yoyote. Ukiwa na 10, dabo dhidi ya 2 hadi 9, na ukiwa na 9, dhidi ya 3 hadi 6. Nane kushuka chini, ongeza.

Sababu iko kwa mgawaji. Akionesha 5 au 6 huungua zaidi ya mara 4 katika 10, kwa hiyo unamwachia ajiunguze. Akionesha 7 huungua kama mara 26 tu katika 100. Chukua 10 na 6 mkononi, yeye ana 7. Watu wengi huogopa na kubaki. Kweli, ukiongeza, karata 8 kati ya aina 13 zinakuunguza. Lakini ukibaki unashinda pale tu anapoungua yeye, na wastani unapoteza kama senti 48 kwa kila dola. Ukiongeza unapoteza senti 41 na nusu. Mkono ni mbaya kwa njia zote mbili; unachochagua ni hasara iliyo ndogo.

Jumla ambayo ree inahesabiwa 11 ni laini, na karata moja haiwezi kuiunguza. Usibaki kamwe kwenye ree na 6. Idabo dhidi ya 3 hadi 6, vinginevyo ongeza. Ree na 2 au 3, dabo dhidi ya 5 na 6, ree na 4 au 5, dhidi ya 4 hadi 6, kwingine ongeza. Ree na 7 ndiyo inayowachanganya wengi: dabo dhidi ya 2 hadi 6, baki dhidi ya 7 na 8, ongeza dhidi ya 9, 10 na ree. Naam, unaongeza juu ya 18. Dhidi ya 9, kubaki kunakutoa kama senti 18 kwa dola na kuongeza kunakutoa 10. Ree na 8, baki, isipokuwa udabo dhidi ya 6. Ree na 9, baki siku zote.

Jozi za ree na za 8 tenganisha daima. Za 10 usitenganishe hata jirani akikuchochea. Una 20, tulia nayo. Za 5 zichukulie kama 10. Za 9 tenganisha dhidi ya 2 hadi 9, ukiruka 7. Za 7, za 3 na za 2, dhidi ya 2 hadi 7. Za 6, dhidi ya 2 hadi 6. Za 4, dhidi ya 5 na 6. Haya ya jozi ndogo yanategemea ruhusa ya kudabo baada ya kutenganisha, kwa hiyo muulize mgawaji. Kama hairuhusiwi, usitenganishe za 4. Za 6 anza dhidi ya 3, na za 2 na 3 anza dhidi ya 4.

Meza ikiruhusu kusalimu amri, yaani kuacha mkono na kurudishiwa nusu ya dau, fanya hivyo ukiwa na 16 dhidi ya 9, 10 au ree, na 15 dhidi ya 10 au ree. Jozi ya 8 iache tu dhidi ya ree. Dhidi ya 9 na 10 itenganishe.

Kwenye meli zinazofuata kanuni za Ulaya, mgawaji hachukui karata ya pili mpaka wachezaji wamalize. Akipata blackjack mwishoni anabeba hata chipu ulizoongeza kwa kudabo au kutenganisha. Hapo usidabo 11 wala kutenganisha 8 dhidi ya 10 au ree, na jozi ya ree usiitenganishe dhidi ya ree. Ongeza karata tu.

Bima na vidau vya pembeni

Mgawaji akionesha ree atauliza kama unataka bima. Kataa. Ni dau jingine kwamba karata yake iliyofunikwa ni ya thamani ya 10, linalipa 2 kwa 1, na linaipa kasino zaidi ya asilimia 7. Ukiwa na blackjack mwenyewe, ataweza kukupa malipo sawa na dau lako papo hapo. Kwenye meza ya 3 kwa 2 kataa pia. Kwenye meza ya 6 kwa 5, wakikupa nafasi hiyo, ichukue: ukisubiri unapata wastani wa senti 83 kwa dola, nao wanakupa dola nzima.

Viduara vidogo vya jozi, vya 21+3 (karata zako mbili na ya mgawaji zikiunda mkono wa poka) na vya zawadi kubwa inayokua, viache wazi. Faida ya kasino humo huanzia karibu asilimia 3 na kwa baadhi hupita 20. Dola 5 kila mkono kwa mikono 60 ni dola 300 kwa saa. Asilimia 10 ya hizo ni dola 30, zaidi ya mara mbili ya gharama ya mchezo wenyewe hata kwenye meza mbaya.

Kuondoka

Chipu hubadilishwa kwenye dirisha la keshia. Fanya hivyo usiku wa mwisho kabla halijafungwa, kwa sababu asubuhi ya kushuka kasino imefungwa, na chipu za meli moja usitegemee kukubaliwa kwenye nyingine. Omba noti mkononi badala ya kuziacha zipunguze bili ya chumba, ili uone wazi safari ya mezani ilikwendaje. Ukiwa unashukia Marekani na familia yako ina zaidi ya dola 10,000 taslimu kwa pamoja, zitangaze forodhani. Kuwa nazo si kosa. Kosa ni kutozitaja.